Tunampima Anayesema

Mwaka 1970 nchini Marekani, madaktari wa akili, wanasaikolojia na maofisa wa ustawi wa jamii walikusanyika kumsikiliza Dk. Myron Fox, aliyetambulishwa kwao kama bingwa wa kutumia hisabati katika tabia za binadamu. Kumbe alikuwa mwigizaji, na somo lenyewe hakulijua. Watafiti walikuwa wamempika makusudi: hotuba ijae maneno ya kubuni, hoja zinazopingana na utani wa hapa na pale, na maswali ayajibu vivyo hivyo. Wasikilizaji walimsifu. Mmoja alidai hata kwamba amewahi kusoma maandishi yake.

Kisa hiki husimuliwa sana ili kuwacheka wasomi, na nadhani wanaonewa. Hakuna mwenye muda wala ujuzi wa kuchunguza kila anachoambiwa, kwa hiyo sote tunampima anayesema: cheo chake, sauti yake, anavyotutazama, utani wake unavyoingia mahali pake. Mara nyingi njia hii hutufaa. Shida ni kwamba karibu dalili zote hizo mtu anaweza kujifunza kuziigiza.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle alitaja sifa tatu za msemaji wa kuaminika: busara, uadilifu, na nia njema kwa wanaomsikiliza. Ya tatu ndiyo inayoulizwa chinichini katika kila mkutano wa kijiji, hata kabla mgeni hajashika kipaza sauti: huyu anatafuta nini kwetu?

Mwaka 1966 Elaine Walster na wenzake walilijaribu swali hilo. Washiriki walipewa maoni kuhusu mamlaka ya waendesha mashtaka, mara yakidaiwa kuwa ya mwendesha mashtaka mwenyewe, mara ya mhalifu aliyefungwa. Mhalifu alipotaka mamlaka hayo yapunguzwe, hakupata wa kumsikiliza. Alipotaka yaongezwe, yaani alipozungumza dhidi ya maslahi yake, alishawishi hata kuwazidi watu wenye heshima zao.

Kwa maoni yangu hii ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote, kwa sababu ina gharama. Mwaka 1990 wapo Watanzania wengi waliokuwa wakinong'ona kuhusu vyama vingi, lakini mambo yalichukua sura nyingine pale Mwalimu Nyerere, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, aliposema hadharani kwamba kulijadili jambo hilo si uhaini. Mfumo wa chama kimoja ulikuwa umejengwa chini ya uongozi wake mwenyewe. Mpinzani angesema maneno yaleyale, watu wangeuliza ametumwa na nani.

Zipo dalili nyingine zinazotupotosha bila msemaji kukusudia. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha watu sentensi za maarifa ya kawaida, kama ile ya twiga kustahimili kiu kuliko ngamia. Zilizosomwa na watu wenye lafudhi ya kigeni hazikuaminika sana kama zilizosomwa na wenye lugha yao, hata pale wasikilizaji walipoelezwa kwamba msomaji amepewa tu karatasi asome. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba sikio linalofanya kazi ya ziada huihesabu taabu hiyo kama shaka. Utafiti ulihusu Kiingereza, lakini sioni kwa nini masikio ya Waswahili yawe na huruma zaidi kwa mkulima mwenye lafudhi nzito ya kwao anayesimama kumpinga ofisa mwenye maneno laini.

Na dalili zote hizi hufifia. Mwaka 1951 Carl Hovland na Walter Weiss waliwapa watu makala ileile kuhusu nyambizi za nyuklia. Wengine waliambiwa imetoka kwa mwanafizikia Oppenheimer, wengine kwa gazeti la Kisovieti la Pravda. Papo hapo Oppenheimer aliwavuta wengi zaidi. Baada ya wiki nne tofauti ilitoweka: hoja ilibaki kichwani, aliyeitoa akawa amejitenga nayo. Miaka miwili baadaye Hovland na Herbert Kelman walionyesha kwamba wasikilizaji wakikumbushwa nani alisema, tofauti hurudi. Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp hausubiri wiki nne; huanza safari ukiwa hauna mwenyewe, na anayeuleta kwako ni shemeji unayemwamini.