Bei ya Kahawa Katika Intaneti Ihakikiwe Kwanza

Katibu wa chama asomaye bei ya kahawa katika intaneti hana budi kuihakiki kabla ya kuitangaza mkutanoni. Kwanza, atazame aliyeitoa: ni soko lenyewe, au dalali atafutaye faida yake? Pili, atazame tarehe. Tatu, kipimo. Bei ya Arabika hutajwa New York kwa senti za dola kwa ratili, yaani gramu 454. Hivyo senti 200 ni dola 4.41 kwa kilo, wala si dola 2. Robusta hutajwa London kwa dola kwa tani. Tena hizo ni bei za kahawa safi iliyokwisha kukobolewa, siyo ya maganda. Mwisho, ailinganishe na taarifa ya mnada. Bei isiyohakikiwa huzaa madai yasiyolipika, na chama hupoteza imani ya wanachama.