Shamba lako ni ekari ngapi?

Hapa Moshono mashamba mengi hayana umbo la mraba. Huku yamebanwa na korongo, kule na njia ya ng'ombe. Mtu akitaka kuuza, anazunguka mpaka akihesabu hatua, halafu anasema: "Hii ni ekari moja." Usikubali! Kuzunguka mpaka hakuonyeshi ukubwa wa shamba.

Tazama. Shamba la mita 60 kwa 60 lina mzunguko wa mita 240. La mita 100 kwa 20 nalo lina mzunguko wa mita 240. Lakini la kwanza ni mita za mraba 3,600, la pili ni 2,000 tu.

Dawa yake ni pembetatu. Chukua shamba la kona nne. Vuta kamba kutoka kona moja hadi kona inayoitazama. Tuseme ni mita 80. Sasa una pembetatu mbili. Kutoka kwenye kamba, pima kwenda kona iliyobaki upande huu. Kipimo kisimame mraba na kamba, kama fundi mwashi anavyopata kona ya nyumba kwa tatu, nne, tano. Tuseme mita 30. Upande wa pili, mita 40.

Haya, hesabu. 80 mara 30, gawa kwa 2, ni 1,200. 80 mara 40, gawa kwa 2, ni 1,600. Jumla 2,800. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kumbe shamba halifiki hata robo tatu ya ekari! Aliyelipa ekari nzima amelipia ardhi isiyokuwepo.

Kwenye mteremko usiilaze kamba chini. Ishikeni sawasawa kama maji yaliyotulia, maana ramani nazo hupimwa hivyo.

Shamba la kona tano hutoa pembetatu tatu, la kona sita nne. Kamba isitoke nje ya mpaka.

Wahandisi wa barabara hufanya hivyo hivyo. Mlima hukatwa kwenye ramani kuwa maelfu ya pembetatu, kila kona na kimo chake. Kompyuta inajumlisha, na mhandisi anajua udongo wa kukata na wa kujaza kabla tingatinga halijafika.

Lakini kwa ajili ya hati, kamba yako haitoshi. Hapo mwiteni mpima ardhi aliyesajiliwa.