Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, uliza maswali haya

Mavuno yakishauzwa, safari za mjini huanza. Mmoja anakwenda chuo, mwingine amepata kazi ya ufundi, mwingine anataka kufungua genge. Wote huanza kwa kutafuta chumba cha kupanga, na hapo ndipo pesa nyingi ya familia hutoka kwa mkupuo mmoja.

Katika miji mingi ya Tanzania, wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja. Hutaka ya miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima. Tuchukulie chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 300,000. Dalali naye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, 50,000 nyingine. Kabla hujanunua hata ndoo, 350,000 imeshaondoka. Ukikuta kasoro baada ya kuhamia, kurudishiwa pesa hiyo ni kazi ngumu. Ndiyo maana maswali yote yaulizwe wakati pesa bado iko mfukoni mwako.

Nyumba ni ya nani?

Dalali si mwenye nyumba. Omba kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, au ndugu anayeisimamia. Kisha pita kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa umuulize kama anamfahamu. Wapo matapeli wanaopangisha chumba kimoja kwa watu watatu, kisha wanazima simu. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Kama si la mwenye nyumba, simama kwanza uulize. Ujumbe wa malipo usiufute.

Umeme na maji mnachangiaje?

Vyumba vitano vikitumia mita moja ya LUKU, ugomvi hauko mbali. Mwenye friji na pasi analipa sawa na mwenye taa moja? Afadhali mkubaliane mapema.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui. Tangu mwaka 2021, kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini inamkata anayenunua umeme. Muulize kama atakurudishia au atapunguza kwenye kodi ya chumba.

Kuhusu maji, fungua bomba uone. Kama hayatoki, uliza hutoka siku zipi, na dumu moja mtaani linauzwa bei gani.

Mvua ikinyesha inakuwaje?

Chumba kilichopakwa rangi mpya wakati wa kiangazi hupendeza. Angalia chini ya ukuta kama kuna alama za maji, na juu kama dari lina madoa. Angalia pia kama nyumba iko bondeni au karibu na mtaro. Nenda tena jioni, uone njia ina giza kiasi gani na kelele zikoje. Ulizia choo kinatumiwa na watu wangapi. Zungumza na mpangaji mmoja pembeni, maana atakueleza mambo ambayo dalali hawezi kuyasema.

Mkataba umeandikwa?

Maneno matupu hayatakusaidia mkikosana. Mkataba uonyeshe majina yenu, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani anatengeneza kitasa au bati likiharibika, na notisi ni ya muda gani mmoja akitaka kuvunja. Wekeni sahihi mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Upige picha kwa simu, pamoja na nyufa na vioo vilivyovunjika kabla hujaingiza vitu, usije ukadaiwa wewe.

Mkishindwa kuelewana, anzieni serikali ya mtaa. Likizidi, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utaulizwa karatasi.

Mzazi unayempangia mtoto chumba ukiwa kijijini, usitume pesa kwa maelezo ya simu tu. Mwombe ndugu au jirani aliyeko mjini aende akakione chumba na kumwona mwenye nyumba. Nauli ya daladala utakayomtumia ni ndogo kuliko magunia uliyouza kupata kodi hiyo.