Padri huhamishwa, parokia hubaki

Mwaka 1851 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuja Ukambani na mpango usio mdogo: mlolongo wa vituo vya misheni kuanzia Mombasa hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Mwenyeji wake, mfanyabiashara mashuhuri Kivoi wa Kitui, akauawa na wavamizi karibu na mto Tana. Krapf akatoroka nyikani peke yake, na kwa kukosa chombo akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki yake na kuiziba kwa nyasi. Kituo alichotaka kujenga Yatta hakikusimama.

Tana ndio mpaka wa kaskazini wa Kitui, na Tseikuru, ninayoizungumzia hapa, iko upande huo, mbele ya Mwingi na Kyuso. Huku hata mtoto anayeswaga punda mwenye mitungi anajua ni sehemu gani ya mto mkavu ukichimba mchanga utapata maji. Mpango wa parokia usioanza na watu wa namna hiyo ni mpango wa mgeni, hata kama aliyeuandika ni Mkamba halisi.

Nayasema haya kwa sababu neno “mpango mkakati” limeingia makanisani kwa kishindo. Mpango unaandikwa ofisini, unapigwa chapa, unabarikiwa Jumapili moja, kisha unalala kabatini. Padri anahamishwa. Anayekuja ana ndoto zake: mwenzake aliacha ukumbi umefika linta, yeye anataka kuanza na ua. Waumini wanachangishwa upya, na ukumbi unaota magugu.

Katika Kanisa Katoliki kuhama si ajali, ni utaratibu. Jimbo la Kitui lilianza mwaka 1956 mikononi mwa wamisionari wa Kiltegan kutoka Ireland, na Askofu William Dunne, mmoja wao, aliliongoza hadi 1995. Boniface Lele akapokea kijiti, akapelekwa Mombasa mwaka 2005. Mrithi wake, Anthony Muheria, akaenda Nyeri mwaka 2017, na zaidi ya miaka mitatu ikapita kabla Joseph Mwongela hajasimikwa mwaka 2020. Askofu huhama, seuze padri wa parokia ya mbali. Katika miaka hiyo yote waliobaki ni makatekista, akina mama wa jumuiya na wazee wa kanisa. Wao ndio wenye kumbukumbu, na ndio wanaopaswa kushika kalamu.

Sheria ya Kanisa ya 1983 ina jambo linalochekesha kidogo hapa. Kanuni ya 537 inaamuru kila parokia iwe na kamati ya fedha. Kanuni ya 536, inayohusu baraza la kichungaji, inaliacha kwa hiari ya askofu, na hata likiwapo kazi yake ni kushauri tu. Yaani wa kuhesabu sadaka ni lazima wawepo. Wa kuuliza sadaka hiyo inatupeleka wapi wanaweza kungoja. Sinodi iliyomalizika Roma Oktoba 2024 iliomba mabaraza hayo yawe ya lazima. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikwisha kuliona pengo hilo zamani: walipokutana Nairobi Desemba 1973, chini ya umoja wao wa AMECEA, kupanga Kanisa la miaka ya themanini, waliamua kulijenga juu ya jumuiya ndogondogo. Zinakutana chini ya mti hadi leo. Kosa ni kuzifanya za rozari na michango tu.

Jumuiya ikiulizwa, itasema jambo ambalo ofisi hailioni: kalenda. Mvua inayotegemewa zaidi Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili na kitu, kwa hiyo gunia linaingia nyumbani Januari au Februari. Januari hiyohiyo ndiyo ya karo. Kanisa likipanga harambee mwezi huo, linagombania gunia moja na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hashindwi. Tena kuna miaka ambayo gunia lenyewe halipo. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo. Mpango ambao hauna ukurasa wa ukame haujaandikiwa Tseikuru.

Mwaka wa neema nao una namna yake. Wakati wa vipaji mama analeta gorogoro la ndengu, mwingine kuku aliyefungwa miguu, mzee anamvuta mbuzi asiyetaka kuingia kanisani. Baada ya Misa katekista anaendesha mnada. Kuku ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena na mwingine. Kelele, kicheko, na pesa inapatikana. Mfuko wa parokia ungejengwa juu ya mnada huo, si juu ya bahasha ya mwanasiasa. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ambayo Rais William Ruto alitoa katika kanisa la Soweto jijini humo. Wapo walioguna. Mimi naona aliziokoa parokia nyingi na aibu ya kukaa kimya.

Na nguvu kazi ipo. Wakamba wana mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kulima, kujenga, kuchimba. Mabwawa ya mchanga yaliyotapakaa Kitui yamejengwa kwa mikono ya vikundi hivyo: wanachimba hadi mwamba, wanabeba mawe, ukuta unapanda, kisha misimu kadhaa inapita mchanga ukijaa na kuhifadhi maji. Katika kikundi kimoja utamkuta Mkatoliki, wa kanisa la AIC na asiyesali popote. Parokia ikiweka bwawa kama hilo katika mpango wake, imeshahubiri. Vijana walioko Thika na Nairobi nao wahesabiwe; mchango wao unafika kwa M-Pesa, lakini rai yao haiombwi.

Basi wewe muumini, jumuiya yenu ikikutana wiki hii, ombeni mpango wa parokia mliopewa mwisho uletwe usomwe kwa sauti, kwa Kikamba. Ukikosekana, anzeni kuuandika papo hapo, na nakala moja ibaki kwa katekista.