Kadi Inasema cc 2000, Mlima Unasema Vingine

Ukisoma kadi ya gari tu, Toyota Altezza RS200 na Subaru Impreza WRX STI ni ndugu wa tumbo moja. Altezza ina cc 1998, Impreza ina cc 1994. Karani asiyejua magari atazipanga daraja moja, atagonga mhuri na kwenda zake kunywa chai. Klabu nyingi za wapenda magari hufanya hivyo hivyo, maana ujazo wa injini ni namba iliyokwisha kuchapishwa na haina wa kuibishia. Bendera inashushwa, Subaru inamaliza njia, dereva anavua helmeti na kuagiza soda. Zamu ya Altezza inafika, na kabla haijamaliza nusu ya njia watu wameshaanza kuzungumza habari nyingine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Iringa, na siku ya mashindano kazi yangu ni kushika saa. Gari langu ni Vitz ya kwendea sokoni, kwa hiyo sina upande. Aliyeniingiza humu ni mdogo wangu mwenye gereji Mbeya. Aliniambia, "Dada, huku watu wanagombana kila siku kwa sababu ya namba, na wewe namba ndizo zinazokulisha." Nikaenda kuona. Klabu yetu ina fundi umeme, muuza mbao wa Mafinga, daktari wa meno, mwenye duka la spea pale Mwanjelwa na vijana kadhaa ambao mshahara wote huishia kwenye rimu. Nyanda za Juu Kusini hazina uwanja wa lami wa mbio. Tunachofanya ni kuomba kibali, kufunga kipande cha barabara ya shamba, kupanga koni na kumwachia kila mtu akimbie peke yake dhidi ya saa. Mashindano makubwa kama Mkwawa Rally, yenye magari yaliyojengwa kwa ajili ya mbio na kanuni nene kama Msahafu, hayo ni ya wenyewe. Huku kwetu gari likishindana Jumapili, Jumatatu linapeleka watoto shule.

Basi turudi kwa Altezza. Iringa mjini iko kati ya mita 1,500 na 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mbeya ni kama mita 1,700, na ukishika barabara ya Chunya unapanda mpaka kupita mita 2,400. Injini inahitaji hewa ili ichome mafuta, na hewa ya juu ni nyepesi. Hesabu wanayoitumia mafundi ni kwamba injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Altezza iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 210 ikifika Mbeya imebaki na kama 174. Turbo ni pampu. Hewa ikipungua, pampu inazunguka kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake. Tuseme Impreza ya farasi 280 imepoteza asilimia 5: inabaki na 266. Dar es Salaam magari haya mawili yalipishana farasi 70. Mbeya yanapishana zaidi ya 90, na hakuna aliyegusa spana.

Wakubwa wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, walikwisha kuona kwamba turbo si ya kuhesabiwa sawa na injini ya kawaida. Kanuni yao huzidisha ujazo wa injini ya petroli yenye turbo kwa 1.7, zamani ilikuwa 1.4. Kwa kanuni hiyo Impreza ya cc 1994 inahesabiwa kuwa na karibu cc 3,390, na inapelekwa kupambana na wenye injini kubwa. Hapo ni sawa kabisa, kama mnashindana Tanga au Bagamoyo. Mlimani 1.7 ni kumhurumia mwenye turbo. Niliifanyia hesabu ubaoni: injini ya kawaida imebaki na 0.83 ya nguvu zake, ya turbo imebaki na 0.95, gawanya, zidisha kwa 1.7, unapata 1.95 hivi. Klabu ikakubali 2. Wenye Subaru walinuna. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "Shikamoo Mwalimu, hivi na sisi tukishuka Dar mtaturudishia hizo cc zetu?" Nikamjibu marahaba, na ndiyo, mtarudishiwa.

Lakini madaraja yana ugonjwa wake. Wakija watu wachache na ukawagawa kwa ujazo, kwa turbo, kwa magurudumu yanayovuta, unaishia kuwa na daraja la mtu mmoja. Anakimbia peke yake, anashinda, anapiga picha na kombe. Wengine wanapiga makofi ya adabu. Ukiona mashindano ambayo kila mtu anarudi na kombe, jua kuna mtu aliogopa kugombana.

Wamarekani wana dawa yao. Klabu yao ya SCCA, iliyoanzishwa 1944, huendesha mashindano ya koni kwenye maegesho makubwa ya magari, na kila daraja lina kizidisho cha muda kilichotokana na matokeo ya mashindano mengi. Tuseme Vitz imetumia sekunde 92 na kizidisho chake ni 0.80: inaandikiwa 73.6. Impreza imetumia sekunde 78, kizidisho chake 0.96: inaandikiwa 74.88. Vitz imeshinda, na hakuna aliyependelewa, kwa kuwa kila dereva amepimwa kwa kile ambacho gari lake linaweza. Ninaupenda mfumo huu kuliko yote. Shida ni kwamba namba zao hatuwezi kuziazima. Zimepatikana kwenye lami, kwenye nchi ambayo mashindano mengi hayafanyiki mlimani. Huku barabara ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha asubuhi, gari linalovuta kwa magurudumu manne linapata faida ambayo kizidisho cha Marekani hakikuiota. Kwa hiyo naandika kila matokeo kwenye daftari, pamoja na hali ya barabara. Siku daftari likitosha, tutakuwa na vizidisho vya kwetu.

Kuna njia nyingine, na hiyo ilizaliwa humu humu Afrika Mashariki. Mwaka 1953, mashindano ambayo baadaye yalikuja kuitwa Safari Rally yalipofanyika kwa mara ya kwanza kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, waandaaji waliyapanga magari kwa bei yake dukani. Mwenye gari la bei ndogo alishindana na mwenye gari la bei ndogo. Walikuwa na busara: walitaka mnunuzi wa kawaida aone gari analoweza kulimudu linavyostahimili barabara zetu. Bert Shankland wa Tanzania aliposhinda Safari mwaka 1966 na tena 1967, alikuwa kwenye Peugeot 404, gari ambalo watu wa Afrika Mashariki walilijua kama teksi.

Kwa magari ya mtumba bei inasumbua, kwa sababu Subaru moja imeuzwa na mtu mwenye njaa na nyingine na mtu mwenye maringo. Hata hivyo TRA, watoza kodi wetu, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika. Unaingiza aina, mwaka na ujazo, nacho kinakupa thamani ya gari bila kumjua mwenye gari. Nilipendekeza tutumie thamani hiyo kupanga madaraja. Wanachama waliona jina TRA wakaanza kukohoa. Na kweli kina tundu: kikokotoo hakijui kwamba Starlet ya mtu fulani imewekewa injini nyingine chini ya boneti. Wamarekani wenye mashindano ya magari chakavu ya 24 Hours of Lemons, yaliyoanza 2006, wanaziba tundu hilo kwa ukatili unaonifurahisha. Gari lisizidi dola 500, na waandaaji wana haki ya kulinunua kwa hizo hizo dola 500. Ukitumia shilingi milioni kumi kudanganya, unaweza kuondoka kwa miguu ukiwa na bahasha mkononi.

Lakini udanganyifu mkubwa hauko kwenye injini. Uko kwenye tairi. Tairi laini za mbio zinaweza kukupa sekunde ambazo turbo haiwezi kukupa, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya pesa kumshinda dereva. Tulikuwa na watu wanakuja na pikapu nyuma imebeba seti mbili za tairi, wakati kijana wa Uyole kule Mbeya amekuja na zile zile nne alizotokea nazo nyumbani na bado ana zaidi ya kilomita 300 za kurudi. Sasa sheria ni fupi: tairi uliyoingia nayo getini ndiyo utakayokimbilia na ndiyo utakayoondokea. Mkaguzi anaipiga alama ya chaki. Tairi kipara hairuhusiwi kabisa, na hapo hatujadili.

Halafu vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba, gari likipita kwenye udongo wetu vumbi linasimama hewani, na kama hakuna upepo linasimama hapo mpaka usahau nani alilitimua. Anayefuata anaendesha kwa kubahatisha. Tunaacha dakika mbili kati ya gari na gari, na asubuhi tulivu naongeza hadi tatu hata watu wakilalamika kuwa siku inaisha. Lakini wa kwanza naye ana msalaba wake: anafagia changarawe iliyolegea, na wanaomfuata wanapita njia safi. Baada ya magari mengi njia hiyo hiyo inachimbika na wa mwisho anaruka mashimo. Hakuna nafasi nzuri, kuna mbaya za aina mbalimbali. Tunapiga kura ya nani aanze, mchana tunageuza mpangilio kichwa chini, kisha tunajumlisha muda wa raundi zote mbili. Njia yenyewe tunaipanga asubuhi ile ile, wote wakiangalia, ili mwenyeji wa Iringa asiwe ameifanyia mazoezi wiki nzima wakati mgeni wa Mbeya yuko barabarani.

Mashindano yanayonipa raha zaidi ni yale ya kutaja muda. Asubuhi unakimbia ili uijue njia. Kisha unaniandikia kwenye karatasi muda utakaoutumia mchana. Atakayekaribia muda wake kuliko wote ndiye mshindi. Ukiwahi kuliko ulivyotaja, umetoka. Hapo ndipo mzee mmoja mwenye Kirikuu, ile Suzuki Carry ya cc 660 anayobebea mbao, alipowaaibisha watu. Alitaja muda mrefu wa kuchekesha, akautimiza kwa tofauti ya sehemu za sekunde. Kijana wa STI aliyekuwa na kasi kuliko wote alipishana na muda wake kwa sekunde nne. Akaniuliza, "Mwalimu, kweli mbio za magari anashinda Kirikuu?" Mzee akamjibu badala yangu, kwa salamu ya huku kwetu: "Kamwene, mwanangu. Mimi nimelijua gari langu. Wewe lako bado mnatambulishana."

Ubaya wa mtindo huu ni kwamba unawaalika wanaovunga. Mtu anataja muda wa uongo, mrefu, anakimbia kwa raha, halafu karibu na mwisho anatazama simu na kupunguza mwendo hadi muda utimie. Tulifanya mambo mawili. Simu na saa zinabaki kwa mkaguzi. Pili, nina wasaidizi wawili waliojificha kwenye miti, kila mmoja na saa yake, na hakuna dereva anayejua wako wapi. Ukienda mbio nusu ya kwanza na kutambaa nusu ya pili, karatasi zao zinakusema.

Sasa kuna mwanachama anataka kuja na gari la umeme, na ameniharibia hesabu zote. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo mlima hauipunguzii kitu. Mwaka 2018 Romain Dumas alipanda Pikes Peak, mlima wa Colorado ambao mwisho wa mbio uko mita 4,302, kwa Volkswagen ya umeme. Alitumia dakika 7 na sekunde 57, akavunja rekodi iliyokuwa inashikiliwa na gari la petroli. Kizidisho chetu cha 2 hakina la kusema hapo, maana gari hilo halina cc, na sifuri mara mbili ni sifuri. Mdogo wangu anataka mwanachama huyo awekwe na wenye turbo. Wenye turbo hawamtaki. Tumekubaliana kwamba msimu huu atashiriki mashindano ya kutaja muda tu, na ataanza baada ya Kirikuu.