Nyama Hailainiki kwa Vidonge

Kijana wa Kwamndolwa aliyezoea kupikia familia, akipata kazi kwenye hoteli za barabarani za Korogwe, hukuta mambo mengine: basi la Arusha likisimama, abiria wote wanataka kula kwa wakati mmoja na dereva hasubiri. Ladha anayo, anachokosa ni kupanga saa. Kwa hiyo kila mgeni wa jikoni huuliza lilelile: nyama inatiwa Panadol ngapi ili ilainike upesi?

Haitiwi hata moja. Ugumu wa nyama ya ng'ombe, hasa ya shingo na mguu, unatokana na kolajeni, protini inayofunga misuli. Kolajeni huanza kugeuka jelatini kwenye nyuzijoto 70 hivi, tena taratibu: saa 2, saa 3, zaidi kwa ng'ombe mzee. Parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, ni ya maumivu na homa, haina kimeng'enya cha kukata protini. Anayeapa kwamba aliiona ikifanya kazi alitupia vidonge kwenye nyama iliyokwisha kuchemka muda mrefu, kisha sifa za moto akavipa vidonge. Abandike sufuria mbili, nyama ileile, moto uleule, vidonge aweke katika moja tu, zitaiva pamoja.

Wapo wanaojitetea kwamba dawa huishia motoni. Si kweli. Maji yanayochemka hayapiti nyuzijoto 100, na kwa joto hilo parasetamoli haivunjiki kiasi cha kumwokoa mlaji. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ikizidi huharibu ini. Abiria aliyekwisha kumeza vyake vya homa anaongezewa vingine kwenye supu bila kuulizwa. Hakuna haraka ya basi inayohalalisha hilo.

Njia za kweli zipo. Papai bichi lililosagwa lina papaini inayokata protini. Lipakwe nusu saa kabla ya kuchoma, likikaa mno nyama hurojeka. Steki ikatwe kukingama nyuzi. Makongoro yabandikwe usiku kwa moto mdogo, au yatiwe kwenye presha kuka. Maharage yalowekwe tangu jioni; magadi kidogo huyalainisha kweli, ila hupunguza vitamini B1. Nyama iliyoiva hupitisha ncha ya kisu bila kusukumwa, na supu yake ikipoa huganda.