Fidia ya Ukame: Kuhesabu Majani Badala ya Mizoga

Wengi wetu twajua kwamba ukame ukiingia kaskazini mwa nchi yetu, Serikali hupeleka mahindi. Lakini si wengi wajuao kwamba tangu mwaka 2015 Serikali ya Kenya imepata kuwapatia wafugaji fidia ya fedha, tena ng'ombe wakiwa wangali hai. Nimeona yafaa kulieleza jambo hili, maana wapo wenzetu humu bwenini ambao karo yao hutoka katika zizi la mbuzi.

Kwanza fikiri juu ya taabu ya kuhesabu mizoga. Shamba la kahawa halihami. Bwana shamba aweza kwenda kuliona. Ng'ombe wa Marsabit au Wajir huhama, naye akifa porini, fisi hawamngoji karani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walijaribu njia nyingine huko Marsabit mwaka 2010, nayo ni kutazama malisho kutoka angani. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine usioonekana kwa macho, uitwao infraredi. Jani likikauka, tofauti baina ya mianga hiyo hupungua. Setilaiti huipima, kisha hali ya mwaka huu hulinganishwa na ya miaka iliyopita, mahali pale pale na majira yale yale. Ikishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila mwenye bima katika eneo lile hulipwa, awe amefiwa na ng'ombe au la.

Mwanzoni malipo yalitolewa kwa kukadiria wanyama waliokwisha kufa. Baadaye mpango ukageuzwa, fedha zitoke mapema, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye maana yote. Ng'ombe akikonda bei yake huanguka, na wakati huo huo mahindi hupanda, hata mfugaji huuza wanyama wengi apate chakula kidogo. Elfu chache za nyasi, maji na dawa, zikifika mapema, humponya jike mwenye mimba. Zikichelewa, hazitoshi kumnunua mwingine.

Mpango wa Serikali wenyewe, ulioitwa KLIP, ulianza Turkana na Wajir. Serikali iliyalipa makampuni ya bima ada yote kwa ajili ya familia zilizochaguliwa, kila familia vipimo 5. Ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja, mbuzi au kondoo 10 vivyo hivyo, na ngamia huhesabiwa 1.4 (wapenda hesabu watafurahi hapo). Kila kipimo kilikatiwa shilingi 14,000 kwa mwaka, basi upeo ulikuwa 70,000. Mwezi wa Februari 2017 familia zaidi ya 12,000 katika kaunti sita zililipwa shilingi milioni 215 hivi, yaani wastani wa kama 18,000 kila familia.

Hata hivyo, jicho la angani huona kijani tu, halionji. Mti wa mathenge hubaki kijani wakati wa kiangazi, na penye mathenge mengi setilaiti yaweza kudhani kuna malisho. Watu wa Baringo, ambao mwaka 2006 waliishitaki Serikali kwa ajili ya mti huo, walipeleka mahakamani mbuzi asiye na meno kuwa ushahidi!

Tena waliochaguliwa walikuwa wachache. Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa nchini. Mwaka 2022 ukaletwa mpango mwingine, DRIVE, ambamo mfugaji hutoa sehemu ya ada na Serikali humwongezea. Wako wasemao kwamba ni afadhali hivyo, kwani mtu hukithamini alicholipia. Kwa mwenye ng'ombe 40 nakubali. Mwenye mbuzi 6 huenda ikambidi auze mmoja ili awakatie bima watano waliobaki.